Steringi boksi ipi ya kuaminika kwa hotrodi yenye ekseli ngumu mbele?

Thelathini_na_mbili

Wakuu heshima kwenu. Najenga hotrodi (gari la zamani lililojengwa upya na kuwekewa injini yenye nguvu) ya bodi ya Ford 1932, ni mradi wa miaka sasa na hatimaye chasisi imesimama kwenye magurudumu. Mbele ni ekseli ya I iliyoshushwa, springi moja ya kukingama, zile rodi mbili za pembeni za kushika ekseli (heapini), injini ni Chevrolet 350 ndogo ya V8. Steringi boksi, ile inayogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kukata magurudumu, iliyokuja na chasisi imekwisha, ukishika usukani unazungusha karibu robo nzima ndio magurudumu yanaanza kufikiria kukata, na sitaki kuendesha kitu cha namna hiyo barabarani na mke wangu amekaa pembeni.

Sasa kila ninayemuuliza ananipa jina tofauti. Mmoja kaniambia boksi ya Chevrolet Vega tu usihangaike, mwingine anasema Vega ni laini itakufia tafuta ya Ford F-1, jirani ana boksi ya Corvair ananipa bure, na kijana mmoja ananiambia achana na maboksi weka raki (fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto kulia). Mimi nataka ile ya kuaminika, nikifunga nisahau. Ipi? Na kama nanunua iliyotumika naipimaje kabla sijatoa hela?

---

Fundi Chasisi

Mkuu hongera kwa kufika hapo, wengi tunaishia kwenye bodi iliyofunikwa turubai.

Kabla ya kuuliza boksi gani, jiulize draglinki yako (rodi inayotoka kwenye boksi kwenda kukata magurudumu) itapita wapi, maana hapo ndipo jibu lilipo. Kuna njia mbili. Ya kwanza, ya pembeni, draglinki inatoka kwenye boksi inaenda mbele sambamba na chasisi upande wa dereva mpaka kwenye naakle (kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo) ya upande huohuo, ndivyo Ford ya 1932 ilivyotoka kiwandani. Ya pili draglinki inakingama, inatoka boksi ilipo upande wa kushoto inavuka mpaka naakle ya kulia. F-1 ni ya njia ya kwanza, ile pikapu ya Ford ya 1948 hadi 1952 ilikuwa inasukuma draglinki mbele na nyuma vivyo hivyo, ndio maana watu wa hotrodi waliipenda tangu zamani. Vega ni ya njia ya pili. Kwahiyo wanaokubishania Vega na F-1 hawabishanii kitu kimoja, ni kama mtu akuulize jembe na shoka kipi bora.

Corvair ya jirani iache kwanza. Ile boksi ukiifunga kwa njia ya pembeni bila kuifungua na kugeuza vya ndani, ukikata kulia gari linaenda kushoto. Sitanii. Watu waliojenga T-bucket (hotrodi za bodi ya Ford Model T) wengi walizitumia lakini zilikuwa zimegeuzwa, na unayepewa bure hujui kama imegeuzwa au la mpaka uzungushe shafti uone mkono wa pitimani, ule unaotoka kwenye boksi na kusukuma draglinki, unaelekea wapi.

---

Thelathini_na_mbili

Asante fundi, hilo la draglinki hakuna aliyenieleza. Sasa kwa gari langu njia ipi? Sijachomelea chochote bado, chasisi iko wazi.

---

mzee wa gololi

Kijana ngoja nikwambie kwa kirefu kidogo maana hili nimelipitia kwa mikono yangu.

Ukitaka muonekano wa zamani, ule mkono unaoonekana nje ya chasisi na rodi ndefu inaenda mbele, nenda njia ya pembeni. Ni nzuri lakini ina masharti. Ekseli inapopanda na kushuka inazunguka kwenye pini ya nyuma ya heapini, sivyo? Na draglinki nayo inazunguka kwenye boli (kiungo cha mviringo) ya pitimani. Kama hizo sehemu mbili ziko mbali mbali, ekseli inachora duara moja na draglinki inachora lingine, ukikanyaga tuta gari linajikata lenyewe hujagusa usukani. Dawa yake ni boli ya pitimani iwe karibu iwezekanavyo na pale heapini inapojifunga kwenye chasisi, magurudumu yakiwa yamenyooka. Mara nyingi watu wanaweka boksi pale palipo na nafasi, halafu wanalaumu boksi.

Njia ya kukingama ni rahisi zaidi kuipatia, lakini nayo ukisahau rodi ya Panhard, ile inayozuia ekseli kwenda pembeni, umeharibu. Springi yako ya kukingama inaning'inia kwenye shakoli (vishikio vinavyochezacheza mwishoni mwa springi), na shakoli zinaruhusu ekseli kwenda kushoto kulia. Ukikata usukani, badala ya gurudumu kukata kwanza, draglinki inasukuma ekseli nzima pembeni. Unahisi kama boksi ina pleyi (kulegea) wakati boksi ni mpya kabisa! Rodi ya Panhard ifungwe kwenye chasisi upande uleule wa boksi, iende kwenye ekseli upande wa pili, iwe sambamba na draglinki na urefu unaokaribiana nayo. Hapo vyote viwili vinachora duara moja, tuta likija gari linapita limenyooka.

Kwa V8 yenye egzosi za kushuka pembeni, angalia nafasi. Boksi ya njia ya pembeni mara nyingi inagombania sehemu moja na egzosi na kanyagio la breki. Ya kukingama inakaa mbele zaidi chini, lakini inaweza kugombana na oilpani. Weka injini mahali pake kwanza, na egzosi zenyewe, sio kwa kukadiria.

---

Bolti na Nati

naunga mkono mzee. mimi niliweka Vega kwenye gari yangu bila Panhard mwanzoni kwasababu picha nyingi nilizoona hazikuwa nayo, nikahangaika miezi nabadilisha tairodi endi, nabadilisha kingpini (pini ambazo naakle inageukia), nikaza boksi mpaka ikawa ngumu, mwishowe rafiki yangu akalala chini ya gari mimi nikazungusha usukani gari limesimama akanambia wewe mbona ekseli yako inacheza dansi. inatembea pembeni kama sentimita nzima kabla gurudumu halijakata. nikaweka Panhard tatizo likaisha siku ileile. na boksi niliyokuwa nimeikaza nilikuwa nimeshaiharibu kwa kuikaza

---

Gereji Usiku

Kuhusu Vega kuwa laini. Chevrolet Vega ilikuwa gari dogo, ilitengenezwa 1970 mpaka 1977, haina uzito wowote wa kutisha. Hotrodi ya bodi ya 32 na yenyewe ni nyepesi, na injini ya 350 hata ikiwa ya chuma cha kumimina inakuja kwenye kilo 260 hivi, na kwenye hotrodi imekaa nyuma ya ekseli. Kwahiyo hiyo boksi haibebi kitu ambacho haikuzoea. Inaanza kulalamika pale mtu anapoweka injini kubwa ya big block, matairi mapana mbele, halafu anakata usukani gari limesimama. Huyo namshauri aende kwa Saginaw 525, ni boksi ileile kwa tabia, gololi zinazozunguka ndani ya nati, ila ni kubwa, imetoka kwenye magari makubwa ya GM kama Chevelle. Inahitaji nafasi zaidi kwenye chasisi na ndio tatizo lake kwenye gari jembamba la 32.

Vega za asili siku hizi zimechoka. Kuna kampuni zinazotengeneza mpya zenye umbo lilelile, Borgeson na Flaming River ni mbili zinazojulikana. Mpya inakupa uhakika wa ndani, lakini USIAGIZE krosi (kiungo cha kupinda cha shafti ya usukani) wala pitimani kwa jina la boksi tu. Meno ya shafti ya kuingilia ya zamani na ya mpya yanaweza kuwa tofauti. Hesabu meno, pima kipenyo, ndio uagize.

Kuhusu raki: yule kijana hana kosa ila anaongelea gari jingine. Raki ya kawaida imetengenezwa kwa saspensheni huru, ina ncha mbili na kila moja inaenda kwenye gurudumu lake. Raki ya Ford Mustang II ndio inayotumika sana kwenye hotrodi lakini ni zile hotrodi zilizobadilishiwa saspensheni ya mbele yote. Kwenye ekseli ngumu, raki ikifungwa kwenye chasisi na ekseli inapanda inashuka, tairodi zinavuta magurudumu kila tuta. Zipo raki za ncha moja zilizotengenezwa makusudi kwa ekseli ngumu, zinasukuma draglinki moja ya kukingama, hizo ni habari nyingine na zinafanya kazi.

---

Thelathini_na_mbili

Nimeelewa sana aisee. Nimeingia gereji na kamba na tepu, nikaweka egzosi mahali pake. Upande wa dereva kwenye njia ya pembeni hakuna nafasi, egzosi ya kushoto inapita haswa pale boksi ingekaa. Kwahiyo kukingama. Kuna mtu ana Vega ya asili iliyotolewa kwenye gari, anasema ni nzima. Naipimaje ikiwa mkononi tu?

---

mzee wa gololi

Hapo sasa. Nenda na kitambaa, spana ya loki nati na bisibisi pana. Ifunge kwenye vaisi, au hata ibane magotini, usitumie usukani wala spana kuzungusha, shika shafti kwa vidole. Vidole ndio vinasikia.

Izungushe polepole mpaka mwisho mmoja. POLEPOLE, usiigonge mwisho, boksi za gololi zina vibomba vinavyorudisha gololi na ukigonga mwisho na uzito wa mkono unaweza kuvipinda. Halafu rudi mpaka mwisho wa pili ukihesabu mizunguko. Gawa kwa mbili, rudi hapo, hapo ndio katikati. Boksi nzima katikati inakuwa nzito kidogo kuliko pembeni, unasikia kama inapanda kilima kidogo halafu inashuka. Zimetengenezwa hivyo makusudi ili gari likienda moja kwa moja pasiwe na pleyi.

Ikiwa katikati ni laini na pembeni ni nzito, imelika katikati, maana gari muda mwingi linaenda moja kwa moja na hapo ndipo inapolika. Muuzaji atakwambia kaza tu skrubu ya juu, ile ya kurekebisha pleyi. Kaza mbele yake, kisha zungusha tena pembeni, ukisikia inabana kama inataka kukwama basi hiyo hairekebishiki kwa skrubu. Ukisikia mchanga, yaani kama unasaga punje za chumvi kwenye vidole, beringi au njia za gololi zimetoboka. Niliwahi kufungua moja iliyokuwa hivyo, kwenye wormu (shafti ya ndani yenye nyuzi kama skrubu) palikuwa na vishimo vidogo vimejipanga kama alama za meno kwenye muhindi, ndani kumejaa maji yaliyogeuza grisi kuwa maziwa. Nje ilikuwa imepakwa rangi nyeusi inang'aa.

Mwisho shika shafti ya pitimani, isukume juu chini, kushoto kulia. Ikitikisika bushi zake zimekwisha, na oilsili haitadumu hata ukiweka mpya.

---

Bolti na Nati

na ukiifunga, skrubu ya juu irekebishwe boksi ikiwa katikati tu na draglinki imetolewa. ukiikaza boksi ikiwa imekata pembeni utaona pleyi imeisha, ukirudi katikati imebana, ukiendesha usukani haurudi wenyewe baada ya kona. na kabla ya hiyo skrubu kuna marekebisho ya beringi za wormu, hayo kwanza, skrubu ya juu baadaye. mimi nilifanya kinyume ndio nikaiua

---

Fundi Chasisi

Naomba niongeze vitu vinavyoua boksi nzima, maana tumeongea boksi kana kwamba inaelea hewani.

Chasisi ya 32 ya asili ni chuma cha umbo la C. Boliti za boksi zikipita kwenye chuma kimoja chembamba, kila ukikata usukani chasisi inajikunja. Nililetewa gari moja, mwenyewe analalamika pleyi, boksi ni mpya. Nikamwambia akae azungushe usukani kushoto kulia mimi naangalia na tochi. Boksi nzima ilikuwa inapumua. Pembeni ya boliti ya juu rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama unywele, nikapitisha waya brashi, ufa ukawa kwenye chuma chenyewe. Huyo bwana alikuwa anaenda nayo barabara kuu. Kwahiyo pale boksi inapokaa ule upande wazi wa C ufungwe kwa chuma, chasisi iwe na kuta pande zote nne, na boliti zipite ndani ya bomba za chuma zilizochomelewa pande zote mbili ili ukikaza usiiponde chasisi. Boliti ziwe za daraja la 8, sio zozote zilizobaki kwenye kopo.

Cha pili ni stopa. Ekseli yako lazima iwe na stopa za kuzuia naakle, na zigonge KABLA boksi haijafika mwisho wake wa ndani. Bila hizo kila unapokata mpaka mwisho boksi ndio inakuwa stopa, na haikuumbwa kwa kazi hiyo. Kwenye ekseli za kununua mpya stopa zinasahaulika mara nyingi.

Cha tatu, mkono wa pitimani usichomelewe, usipashwe moto upindwe. Kama haufiki, tafuta wenye urefu mwingine. Na pale tairodi endi inapoingia kwenye mkono, angalia koni (ncha iliyochongoka na tundu lake) zinafanana. Paka koni rangi ya maka, iingize, zungusha kidogo, itoe uangalie. Rangi ikiwa imefutika juu tu au chini tu, koni hazilingani, inashikiliwa na ukingo na siku moja itakatika. Ikifutika sawasawa kutoka juu mpaka chini, hapo sawa, kaza nati, weka kotapini.

---

Gereji Usiku

Fundi umegusa penyewe. Mimi naongeza shafti tu. Krosi moja ya usukani isipinde zaidi ya digrii 35, ikizidi unahisi usukani unakuwa mwepesi mzito mwepesi mzito ukizungusha. Pembe ikiwa kubwa tumia krosi mbili, na uma zake kwenye shafti ya katikati zipangwe zikilingana sawasawa. Ukilazimika kutumia tatu ili kukwepa egzosi, lazima shafti ya katikati ishikiliwe na beringi iliyofungwa kwenye chasisi, bila hivyo shafti itajirusha.

---

kona ya kwanza

samahani kuingilia, mimi pia najenga, swali moja tu: kama boksi naigeuza kichwa chini ili shafti ikae vizuri kukwepa injini kuna shida?

---

mzee wa gololi

Kuna shida kubwa kijana, na nimeona mtu amefanya. Ukigeuza boksi juu chini, au ukageuza pitimani badala ya kuangalia mbele iangalie nyuma, au ukahamisha mkono wa naakle kutoka nyuma ya ekseli kwenda mbele, kila kimoja kinageuza mwelekeo. Kimoja kikigeuka, gari linakata kinyume. Viwili vikigeuka linarudi sawa. Kabla hujachomelea chochote shikilia boksi kwa klampu ya C, funga draglinki hata ya bomba la majaribio, weka ekseli kwenye stendi, zungusha usukani kulia na uangalie gurudumu kwa macho. Dakika kumi tu.

---

Thelathini_na_mbili

Wazee nimerudi na majibu. Ile Vega iliyotumika niliishika kwa vidole kama mzee alivyosema. Mizunguko ilikuwa minne na kidogo, nikarudi katikati, laini kabisa kama siagi, pembeni nzito. Muuzaji akachukua bisibisi akakaza mwenyewe bila kuulizwa! Nikazungusha, pembeni ikabana. Nikamshukuru nikaondoka. Nimeagiza mpya.

Wakati naisubiri nimechomelea kipande cha kufunga chasisi upande wa kushoto, nimeweka bomba tatu za boliti, na nimekata kadibodi ya umbo la boksi nikaishikiza mahali pake. Draglinki ya majaribio na rodi ya Panhard zimekaa sambamba, tofauti ya urefu ni kama sentimita 4. Nimetoa springi nikaipandisha ekseli kwa jeki kutoka chini mpaka juu huku naangalia gurudumu, halikukata hata kidogo ambacho jicho langu linaona. Nilikaa pale chini nikairudia mara nne.

Stopa sikuwa nazo, ekseli ni mpya, fundi alisema kweli. Bado maswali mawili: kasta (pembe ya kingpini kulalia nyuma) niweke ngapi, na je nahitaji dampa ya usukani (ya kuzuia mtetemo) tangu mwanzo?

---

Fundi Chasisi

Kazi safi mkuu, hiyo ya jeki wengi wanairuka.

Kasta kwa ekseli kama yako weka kati ya digrii 5 na 7, ipime gari likiwa limekaa kwa uzito wake wote, injini ndani na mafuta ndani, sio chasisi tupu maana ikikaa chini pembe inabadilika. Toe, yaani magurudumu kuangaliana mbele, iwe ndani kidogo, milimita 2 mpaka 3 inatosha. Ukiona usukani haurudi wenyewe baada ya kona angalia kasta kwanza, kisha kama boksi imekazwa mno.

Dampa usiweke mwanzoni. Ukianza nayo itakuficha kingpini legevu au gurudumu lisilobalansiwa na hutajua. Endesha bila hiyo, magurudumu yakitetemeka kwenye mwendo fulani tafuta sababu. Vyote vikiwa vizima na bado kuna mtetemo mdogo, hapo iweke.

---

mzee wa gololi

Na boksi mpya ikifika usiichukulie imerekebishwa. Ifunge katikati kwa kuhesabu mizunguko, magurudumu yakiwa yamenyooka kabisa, ndio uchomeke pitimani. Usukani ukikaa upande rekebisha kwenye draglinki au kwenye meno ya shafti ya juu, usihamishe pitimani, maana ukihamisha utakuwa unaendesha moja kwa moja boksi ikiwa pembeni ya kile kilima chake na pleyi itakuja bila sababu unayoielewa. Ukishatembea kilomita mia hivi rudi chini ya gari na spana, pita boliti zote tatu za boksi, nati ya pitimani na loki nati za Panhard. Tuwekee picha ya hiyo kona ya chasisi uliyochomelea, nataka kuona bomba zimekaaje.

---

Thelathini_na_mbili

Nitaweka kesho mchana mwanga ukiwepo, sasa hivi kumepakwa praima bado haijakauka.